Siku Babu Alipotoa Shikamoo

Babu yangu alipinduliwa Jumamosi, na Jumapili akafika kwetu Kibaha na begi moja, redio, na kiti chake cha kukunja. Sisemi kwamba vifaru vilipita Msimbu, kijijini kwake. Mkutano mkuu wa kijiji ulikaa, watu wakaulizwa nani anataka mzee aendelee na uenyekiti, na mikono yote ikabaki mapajani. Jambo hilo lilikuwa halijawahi kutokea, kwa sababu miaka yote mikono ilikuwa inahesabiwa na yeye mwenyewe.

Sisi tunakaa nyuma kidogo ya kituo cha Kwa Mathias, mahali ambapo honi za mabasi ya mikoani zinaingia ndani bila kubisha hodi. Nyumba ina vyumba viwili na sebule. Babu akapewa kitanda changu. Mimi nikapewa mkeka na pole.

Kwetu mjukuu na babu ni watani. Bibi, Mungu amrehemu, alikuwa "mke wangu" tangu nianze kutembea, kwa hiyo babu alikuwa mume mwenzangu, na mume mwenza huwezi kumwogopa. Baba alipoongea naye aliinamisha kichwa kama mtu aliyeangusha sindano. Mimi nilikuwa napita na mswaki mdomoni nikimwuliza:

"Mheshimiwa, hali ya uhamishoni ikoje leo?"

"Godoro lako lina mabonde kama barabara ya Msimbu."

"Si ungeitengeneza ulipokuwa madarakani?"

Alicheka hadi akakohoa. Mama akiwa jikoni alinyamaza kimya, na nilijua kimya kile kina maneno, ila sikukifuatilia. Nilikuwa bize kuwa mchekeshaji.

Kitu kimoja tu babu hakukitania, nacho ni shikamoo. Ukiingia chumbani, shikamoo. Ukienda chooni ukarudi, shikamoo nyingine, kana kwamba huko chooni ulikuwa umesafiri. Usipoitoa alikuwa anakutazama tu, bila kukasirika, hadi ulimi wako wenyewe unaanza kujisikia vibaya. Mimi nilikuwa nazitoa kwa mafungu: "Shikamoo ya asubuhi, ya mchana na ya jioni, babu, nikichelewa usinidai." Hapo hakucheka. Alisubiri nianze upya, nitoe moja, ya adabu, ndipo aitike "Marahaba" kwa sauti nzito ya kwenye mkutano.

Wakati huohuo shuleni mwalimu wa Historia alitupa kesi ya maigizo. Kulikuwa na rais mmoja wa nchi ya mbali, alitawala hadi watu wakachoka, akapinduliwa, akakamatwa, na sasa alikuwa anashtakiwa kwa roho za watu alizozitoa. Darasa liamue kama anyongwe au asinyongwe. Mimi nikateuliwa mwendesha mashtaka. Nadhani mwalimu alijua kwamba nikikaa bila kazi nitaharibu kesi nzima, akaona bora niiharibu nikiwa mbele.

Nilifanya mazoezi nyumbani, babu akiwa hadhira. Nilisimama kwenye mkeka wangu, taulo begani kama joho, nikamtupia mshtakiwa maneno. Babu alisikiliza kwa makini kuliko nilivyotegemea. Nilipomaliza hakupiga makofi. Aliuliza:

"Huko kwao, nani anapiga kelele zaidi kwamba anyongwe?"

"Wananchi."

"Wananchi ni wengi. Nani?"

Nikafikiri. "Majenerali wake wa zamani. Ndio wameshika serikali sasa."

"Wana haraka?"

"Sana. Wanataka kesi iishe upesi."

"Eeh," alisema. "Lazima wawe na haraka."

Nikamwuliza kwa nini. Akageukia ukutani, akajifunika shuka hadi masikioni, na ilikuwa saa kumi ya jioni na joto la kuoka mikate.

Darasani nilishinda. Nilimnyonga rafiki yangu aliyeigiza rais kwa tai yangu ya shule, akatoa ulimi na kurusha miguu vizuri kabisa, darasa likapiga madawati kwa shangwe. Wa upande wa utetezi alijaribu kusema kwamba mtu akishanyongwa hawezi tena kuulizwa kitu. Sauti yake ilimezwa na vicheko. Nilirudi nyumbani nikiwa shujaa.

Siku chache baadaye simu ikaingia kutoka Msimbu. Alikuwa mwenyekiti mpya. Baba akaiweka sauti kubwa, sote tukiwa sebuleni.

"Wananchi tumekaa," alisema mwenyekiti mpya. "Mzee ni wetu, hatuwezi kumtupa. Arudi nyumbani. Ila kuna sharti moja dogo tu. Yule kijana, mzee anamjua. Mzee asimame mbele ya mkutano ampe shikamoo. Basi. Yaishe."

Nilicheka. Nilicheka kwa sauti, kwa sababu nilijenga picha ya babu yangu, mwenye umri wa kuwakumbuka wakoloni, akimwamkia kijana. Nikageuka kuwatafuta wenzangu wa kucheka nao, sikumpata hata mmoja. Baba alikuwa anaangalia sakafu. Babu alikuwa ameshika mikono ya kiti chake cha kukunja kama mtu anayepanda pikipiki kwa mara ya kwanza.

"Toka nje," baba akaniambia.

Nikamfuata mama, ambaye alikuwa ameshatoka uani. Alikuwa anachambua matembele. Alinisimulia taratibu, bila kuinua macho.

Yule kijana aliuliza swali mkutanini. Msitu wa kijiji ulikuwa unaisha, malori ya mkaa yanapita kila siku, akauliza nani ameruhusu. Babu akasema kijana hana adabu, na afundishwe. Watu wakamkamata, wakamvutia shati lake mwenyewe juu ya kichwa, wakamfunga kwenye mlingoti wa goli la uwanja wa shule. Kila fimbo moja ilikuwa na malipo yake: lazima aseme "Shikamoo, Mwenyekiti." Babu alikuwa amekaa pembeni, kwenye kiti cha kukunja, anaitikia "Marahaba." Fimbo, shikamoo, marahaba. Mkono wa kulia ulivunjika, ukaungwa vibaya, na hadi leo haunyooki.

"Hakushtaki?"

"Alishtaki. Kesi ilikwenda mbele kidogo, ikarudi. Mashahidi wote walisema siku ile walikuwa shambani."

"Wote?"

"Wote. Na ilikuwa siku ya mechi, kijiji kizima kilikuwa uwanjani." Akatupa bua la tembele kwenye beseni. "Miye niliolewa kwenye ukoo huu, sikuzaliwa humu. Lakini wewe ulikuwa unacheka sana naye, nikaona nikuache ucheke."

Niliporudi chumbani kulala niliona kiti kile kimeegemezwa ukutani, kimekunjwa. Nilikuwa nimekikalia mara nyingi. Nilikuwa nimekikalia kula ugali.

Asubuhi babu alisema atakwenda.

"Baba, si lazima," baba yangu akamwambia. "Kaa hapa na sisi."

"Hapa nitazikwa na nani? Makaburi ya hapa wanalala watu wasiojuana." Akanitazama mimi, akajaribu kutabasamu. "Nataka kulala pale alipolala mke wetu. Sivyo, mume mwenzangu?"

Nilitakiwa kujibu na kitu cha kuchekesha. Nikaenda kukunja mkeka wangu.

Baba aliazima kirikuu, kigari cha mizigo cha jirani. Tulipita Pugu, tukapanda Kisarawe mjini, baada ya hapo ikawa vumbi na mikorosho. Babu alikaa mbele na baba, mimi nyuma wazi na begi, redio na kiti. Kila kirikuu kiliporuka, kiti kilinigonga ubavuni, nikakisogeza, kikarudi.

Mkutano ulikuwa uwanja wa shule. Sijui kama walipachagua makusudi au ndipo mikutano yao yote hukaa. Magoli yalikuwa yaleyale ya miti, na sikutaka kujua ni mlingoti upi. Watu walitusalimia baba na mimi, tena kwa uchangamfu, habari za Kibaha, habari za masomo. Babu walimpita kama mti. Sijawahi kuona kitu kama kile. Mtu mzima anatembea katikati ya watu aliowajua tangu wanazaliwa, na hakuna hata mmoja anayemwambia chochote, hata watoto. Alikuwa anageuza kichwa huku na huku, mdomo wake uko tayari kuitikia. Ungedhani ni mtu anayesubiri kupokea mpira na hakuna anayempasia.

Mwenyekiti mpya alikuwa mtu mnene, mchangamfu, anayefuta jasho kwa kitambaa kila baada ya sentensi. "Jua kali, ndugu wananchi, tusichelewe. Tumalize hili jambo tukapumzike." Kijana alikuwa amekaa mbele kabisa na mama yake. Kumbe si kijana sana, ana ndevu na mvi mbili tatu za mapema. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala mapajani umepinda, kama umembeba mtoto ambaye hayupo.

"Haya, mzee," alisema mwenyekiti.

Babu akasimama. Akavua kofia, jambo ambalo hakulifanya hata ndani ya nyumba yetu. Akamwelekea yule mtu.

"Shikamoo."

Alisema vizuri, kwa sauti, wa nyuma wakasikia. Na uwanja ukapasuka kwa kicheko. Vijana walipiga miluzi, wengine walikuwa wanarekodi kwa simu, mmoja akapaza sauti: "Rudia mzee, network mbovu!" Ule ulikuwa utani wangu. Maana yake, ndio utani ambao ningeutoa mimi kama ningekuwa nimezaliwa kule. Nilimtazama aliyeutoa, tulikuwa rika moja, naye akanikonyeza.

Kisha kila mtu akamgeukia yule mwenye mkono, kusikia marahaba.

Akasimama. Akafungua mdomo. Akaufunga.

"Itikia basi!" akasema mtu.

"Umeshapewa chako, itikia yaishe!"

"Watu tuna kazi, bwana!"

"Mwacheni mwanangu," alisema mama yake. Alisema polepole, lakini waliokuwa karibu wakatulia.

"Siwezi," alisema yule mtu. "Nilidhani nitaweza. Nililisikia hilo neno siku ile hadi nikaacha kuhesabu. Kulitoa kwenye mdomo wangu mwenyewe siwezi."

"Hakuna shida," mwenyekiti akawahi. "Tuhesabu kwamba limeitikiwa. Ndugu wananchi..."

"Halijaitikiwa. Nina swali kwa mzee."

"Maswali hayakuwamo kwenye sharti."

"Ni moja tu." Alikuwa anamtazama babu, si mwenyekiti. "Mzee, wewe ulikuwa mbali. Sauti yako niliisikia iko kule, kwenye kiti. Lakini mimi nilikuwa na shati usoni. Nani alinivuta shati? Nani alifunga kamba? Ile mikono ilikuwa ya nani?"

Nikasikia kuku wa mwalimu mkuu wakichakura. Nilikuwa nimekaa chini pembeni, kwa hiyo niliona vizuri. Wanaume, wengi wao walewale waliokuwa wanapiga kelele itikia itikia, walianza kuitafutia mikono yao mahali pa kukaa. Mwingine mifukoni, mwingine nyuma ya mgongo, mmoja aliikunja kwapani kana kwamba anasikia baridi. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini majenerali wana haraka.

"Hayo ni mambo ya zamani," alisema mwenyekiti, na kitambaa kilikuwa kinafanya kazi ya ziada.

"Ya zamani yako wapi? Mimi ninayo hapa." Akauinua mkono wa kulia hadi pale unapoishia kuinuka, ambapo si mbali.

Babu aliinua uso. Akaanza kuwapitia watu kwa macho, mmoja baada ya mwingine, safu kwa safu, polepole. Alipomfikia mwenyekiti mpya alisimama hapo muda mrefu. Mwenyekiti alikuwa ameacha kufuta jasho, likawa linashuka tu. Baba yangu aliniminya bega bila kujua, na mimi nilikuwa nasema moyoni, sema babu, sema mume mwenzangu, sema.

"Mimi ni mzee sasa," alisema babu. "Sikumbuki."

Pumzi ya watu wengi ikitoka kwa pamoja ina sauti yake. Sikuijua hadi siku ile.

"Mmesikia!" mwenyekiti akadakia. "Mzee hakumbuki. Umri huo, ndugu zangu, tumsamehe. Mkutano umefungwa."

Yule mtu alibaki amesimama. Watu walimzunguka kushoto na kulia wakimwendea babu, na shikamoo zikaanza. Shikamoo mzee. Shikamoo, karibu nyumbani. Shikamoo, umekonda, Kibaha hawakulishi? Mwanamume mmoja alifika na fungu la mihogo kalibeba begani, akalitua miguuni kwa babu. Mwingine akaahidi kuja kuziba paa. Niliendesha kesi moja tu maishani, lakini sikuwahi kusikia mahakama ambayo mshtakiwa anatoka na mihogo.

Nyumba yake ilikuwa imejaa vumbi na mavi ya mijusi. Baba alitoka kuangalia kirikuu, rejeta ilikuwa inavuja. Nilifagia, nikakunjua kiti, babu akakaa.

"Kweli hukumbuki?" nikamwuliza.

"Funga mlango."

Nikafunga.

"Aliyevuta shati ni huyu aliyeleta mihogo," alisema. "Na aliyefunga kamba siku hizi anafungua mikutano."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesema, nani angenibeba?" Alisema bila hasira, kama ananifundisha kupanda muhogo. "Baba yako na wewe mtabeba jeneza wawili? Wa kunichimbia, wa kunishika kichwa na miguu, wa kunisalia, ni haohao. Hakuna wengine."

"Na yule, je?"

Alipiga vumbi kwenye kofia yake.

"Yule ana mama yake tu," alisema.

Baba aliita kutoka nje, nikachote maji ya rejeta. Nikachukua dumu nikaenda kwenye pampu ya kijiji, na nani alikuwa pale anasukuma mpini kwa mkono wa kushoto, kama si yeye. Nilitamani kurudi, lakini alikuwa ameshaniona.

"Shikamoo," nikasema. Ilitoka yenyewe.

Aliacha kusukuma. "Hiyo usinipe. Niambie habari tu."

"Habari, kaka."

"Nzuri. Wewe ndiye mjukuu. Una kidevu chake."

Nilichukua mpini nikamsukumia maji. Hakukataa. Ndoo yake ilipofika nusu akauliza:

"Mzee wenu ana ugonjwa wa kusahau?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Anakumbuka kila bao lililofungwa kwenye redio kabla baba yangu hajazaliwa. Na dakika."

Alicheka kidogo, kwa pua. Nilipoona amecheka nikapata ujasiri, au ujinga, sijui. Nilianza: "Kaka, aliyekuvuta shati ni yule..."

Akaniziba mdomo. Kabisa, kwa kiganja chake cha kushoto, kikiwa kimelowa maji.

"Usiniambie," alisema. "Nikiambiwa na wewe hapa kwenye pampu, nitaifanyia nini? Nitakwenda nayo nyumbani, nitalala nayo, halafu asubuhi moja nitashika panga. Unanielewa? Nilitaka aseme yeye. Pale. Wao wakisikia, mama yangu akisikia." Akaondoa kiganja. "Nishaambiwa mengi pembeni."

Nikaitikia kwa kichwa kwamba naelewa. Ndoo ilikuwa imejaa na kumwagika, na mimi nilikuwa bado nasukuma. Aliiinua kwa mkono mmoja, akaiegemeza nyongani, akaondoka akiwa ameinama upande.

Nilijaza dumu, nikarudi, baba akamimina maji kwenye rejeta.

"Ulikuwa unaongea naye nini kule?"

"Habari tu," nikasema.

Tulipokuwa tunaondoka tulipita mbele ya nyumba. Babu alikuwa amekaa kibarazani kwenye kiti chake, wanaume wamemzunguka, mwenyekiti mpya akiwa karibu kuliko wote. Hakutuona, au alituona. Mtu mwingine alikuwa anakuja kutoka njiani, kavua kofia. Nikasikia marahaba moja, kisha nyingine, sauti nzito ileile ya kwenye mkutano, imerudi yote. Baba akapandisha kioo, sauti ikabaki nje, ingawa joto lilikuwa kali. Mimi nilikuwa nimekaa naye mbele, mahali alipokuwa amekaa babu wakati wa kuja.